Macho mekundu: dawa ya kuondoa wekundu au machozi ya bandia?

Madereva bodaboda wa Ngamiani, Tanga, hawaishi kubishana hapa. Kwa kasi, dawa ya wekundu inashinda: kiambato chake, kama tetrahaidrozolini, hubana vishipa vya damu juu ya jicho, likawa jeupe ndani ya dakika chache. Lakini ukiitumia siku nyingi mfululizo, vishipa hutanuka upya na wekundu hurudi, pengine umezidi. Mwenye presha ya jicho asiiguse bila daktari. Machozi ya bandia hayabani kitu. Hulainisha tu, na kwa jicho lililokaushwa na upepo wa pwani ndiyo yenyewe. Harusi jioni? Ya kwanza, mara moja. Barabarani kutwa? Machozi, na miwani. Jicho likiuma au kuona ukungu, nenda hospitali.