Rangi na brashi za kuchora ukuta wa chumba cha mtoto: zipi zinafaa, zipi ziachwe dukani

Kwa mchoro wa ukutani chumbani mwa mtoto, nunua rangi ya maji isiyong'aa inayostahimili kusuguliwa kwa maeneo makubwa, vikopo vidogo vya akriliki (rangi ya maji yenye gundi ya plastiki) kwa sura na mistari, na brashi nne nzuri za nyuzi za sintetiki. Seti zenye tyubu nyingi ndogo za rangi ziache. Tyubu ya mililita 20 inatosha kadi, haimmalizi twiga wa mita moja na nusu. Ukilazimika kuchanganya rangi upya katikati ya shingo yake, hutaipata ileile, na mpaka utaonekana.

Rangi ya ukutani iliyo bora hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa lita moja, ikipakwa mara moja kwenye ukuta laini. Plasta mpya hunywa zaidi, kwa hiyo itangulizie praima, yaani rangi ya msingi. Kilima cha kijani cha mita za mraba 2, kikipakwa mara mbili, kinahitaji mililita 400 hivi. Nunua nusu lita.

Kati ya rangi isiyong'aa na ile ya silki, yenye mng'ao kidogo, tunapendekeza isiyong'aa. Inaficha mawimbi ya plasta, hairudishi mwanga wa taa, na akriliki huishika vizuri. Ila ile ya bei ya chini kabisa ina kasoro: ukiifuta alama ya mkono kwa kitambaa chenye maji, mahali hapo hubaki na doa linalong'aa, au rangi yenyewe inatoka kama unga. Tafuta kwenye kopo daraja la 1 la kusuguliwa kwa kipimo cha Ulaya cha EN 13300, maana yake ikisuguliwa mara 200 inapoteza chini ya mikroni 5 za unene (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukuta ukiwa tayari na silki, usiubandue. Upige msasa namba 180 mpaka mng'ao ufe, futa vumbi, kisha chora. Anayeruka hatua hiyo ataona mchoro unabanduka kama ganda mara utepe wa kingo unapovutwa.

Rangi ya mafuta haina nafasi humu. Harufu yake hukaa muda mrefu, nyeupe yake hugeuka manjano mahali pasipofikiwa na mwanga, kama nyuma ya kabati, na akriliki haiishiki.

Jambo la risasi, ile metali ya sumu inayotiwa kwenye baadhi ya rangi, halina mjadala. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na Marekani ilipiga marufuku rangi zenye risasi majumbani mwaka 1978. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Kopo lisiloeleza chochote kuhusu risasi lirudishe rafuni, hasa la manjano, la chungwa au jekundu, kwa sababu rangi hizo ndizo zilizozoea kutiwa kemikali zenye risasi. Kwenye ukuta wa zamani usiojulikana ulipakwa nini, usipige msasa mkavu. Vumbi lake ndilo linaloishia mikononi na mdomoni mwa mtoto.

Manjano na nyekundu zina udhia mwingine: hazifuniki. Ukipaka jua la manjano juu ya anga la buluu, hata ukirudia mara nne litabaki na ukijani. Paka kwanza umbo lote la jua kwa nyeupe, likauke, kisha manjano mara mbili. Chini ya nyekundu, tanguliza pinki.

Brashi ndiyo sehemu ya kutumia pesa bila kuona uchungu. Nywele za nguruwe zinafaa rangi ya mafuta. Kwenye rangi ya maji hunywa maji, huvimba na kulegea, na mstari unapotea. Dukani, zipanue nyuzi kwa vidole: ncha nzuri zimechanika-chanika kama nywele zilizopasuka, ndiyo maana hubeba rangi nyingi na kuiachia taratibu. Zikunje juu ya kiganja, zinapaswa kurudi zenyewe. Zivute kidogo, moja au mbili zikitoka si neno, zikitoka kila ukivuta, achana nayo. Kagua pia bati linalozishika, maana la chuma kitupu hupata kutu na kutia madoa kwenye nyeupe.

Nne zenyewe ni hizi: bapa ya inchi 2 kwa kujaza, ya mshazari ya inchi 1 na nusu kwa kingo, ya duara namba 8 kwa maumbo, na nyembamba ya nyuzi ndefu namba 2 kwa kope, masharubu na nyasi. Kwa hiyo ya mwisho, ongeza maji kwenye akriliki asilimia 10 hivi. Ukizidisha sana, gundi ya rangi inadhoofika na mstari unafutika. Chovya theluthi moja tu ya nyuzi, kwa sababu rangi ikifika kwenye bati hukauka humo na brashi inachanua daima. Brashi za sifongo huacha vipovu, hatuzipendekezi.

Kuchora mistari ya kwanza, tumia chaki. Penseli nyeusi huchafua manjano, na kalamu ya wino wa kudumu ni balaa: wino wake hupenya kila tabaka unaloongeza. Kwa kingo zilizonyooka, bandika utepe wa karatasi, upake ukingo wake rangi ileile iliyo chini, uache ukauke, ndipo upake rangi mpya. Vuta utepe rangi hiyo mpya ikiwa bado laini.

Vanishi si lazima kama rangi ni ya daraja la 1. Ukiitaka, iwe ya maji, isiyong'aa, na ifunike mchoro mzima. Ukiishia kimo cha mtoto, mstari wake utaonekana ukutani. Usifute ukuta kabla ya wiki mbili hadi nne, hata kama kwa mkono unaonekana mkavu. Bakiza mililita 100 za kila rangi kwenye chupa ya kioo, kifuniko kikazwe na namba ya rangi iandikwe juu. Marekebisho yafanyike kwa brashi ileile iliyopaka mwanzo, kwani brashi tofauti huacha michirizi tofauti.