The Great Gilly Hopkins: mama wa kambo nimesoma, nimesutwa

Hiki kitabu nilikiokota kwa wale wauza vitabu vya mitumba wa Posta, wanaopanga chini kwenye turubai, jamaa alianza elfu nane tukamalizana elfu tano. Sababu ya kukichukua wala haikuwa ya maana, kwenye jalada kuna binti kapuliza bablishi na uso kaufunga kabisa, nikasema huyu namjua, yupo nyumbani kwangu anaosha vyombo kwa kuvibamiza.

Niseme mapema msije mkashangaa mbele: mi ni mama wa kambo. Mume wangu alikuja na binti yake, saivi ana miaka 12, mama yake mzazi yupo Muscat kwenye kazi za ndani, na mimi nilikuja na kijana wangu wa miaka 7. Kila mtu kaja na wake, tumeunganisha, ndo familia. Afu Jumapili nafundisha sandei skuli, kwaiyo vitabu vya hadithi vya Kikristo vya watoto nimevisoma mpaka basi na waandishi wake wengi wanaandika stori ileile: mtoto anateseka kurasa themanini, ya themanini na moja anapiga magoti, ya tisini baba kaacha pombe, mama wa kambo kaokoka analia, watu wanakata keki. Darasani kwangu watoto wakisomewa hivyo wanapiga miayo, na sio kwamba hawampendi Mungu, ni kwamba kuna mmoja pale baba yake hajaacha pombe na yeye ameomba mwaka wa tatu huu.

Sasa hiki cha Katherine Paterson ni kitu kingine. Kimetoka 1978, Marekani, mwaka uliofuata kikachukua National Book Award, tuzo kubwa ya vitabu ya huko. Gilly ana miaka 11, jina lake kamili Galadriel, mama yake alimzaa akamwacha mikononi mwa serikali na huyu mtoto amezungushwa nyumba za kulelewa mpaka kawa mjanja kuliko wanaomlea. Hao walezi wanapewa mtoto na ustawi wa jamii na serikali inawalipa hela ya matunzo, huku kwetu Tanzania malezi ya namna hiyo yamo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009 na tunayaita malezi ya kambo, ingawa wengi tukisikia kambo tunawaza mambo mengine. Kuna familia moja ilimpenda kweli akiwa mdogo, wakahamia Florida wakamwacha. Baada ya hapo akafunga duka.

Ukurasa wa kwanza tu upo kwenye gari la Miss Ellis, ofisa ustawi, anapelekwa nyumba mpya huko Thompson Park, Maryland. Bablishi imempasukia usoni mpaka nywele zimenata, anaambiwa atoe, na yeye anaichukua ile bablishi anaipaka kwa utulivu chini ya kitasa cha mlango wa gari ili atakayeshika akute. Binti yangu aliposikia hapo alicheka kile kicheko cha mtu aliyewahi kufanya. Sikuuliza.

Nyumba mpya ni ya mama mmoja mjane anaitwa Maime Trotter. Mnene balaa, nyumba ina vumbi, Kiingereza anachoongea ni cha mtaani, Biblia anaisoma, kanisani kwa Wabaptisti haachi. Analea pia kijana mdogo, William Ernest, muoga, ukipaza sauti anajikunja. Na kila jioni anakuja kula jirani yao, Mr. Randolph, mzee mweusi kipofu anayependa mashairi ya Wordsworth, mshairi wa zamani wa Uingereza. Hiyo ndo familia, hakuna hata wawili wenye damu moja.

Kilichonishika kuliko vyote ni jinsi mwandishi alivyokataa kumfanya Gilly awe mtoto mzuri anayeonewa. Gilly ana roho mbaya, tuseme ukweli. Anamdharau Trotter kwa unene wake, anamtisha yule mdogo, na ni mbaguzi wa rangi waziwazi, siku ya kwanza anatumwa akamshike mkono Mr. Randolph amlete mezani, anamwona ni mweusi na mwili wote unagoma. Mwalimu wake, Miss Harris, naye ni mweusi, Gilly anamtengenezea kadi ya matusi ya rangi, kakaa chini kabisa akaiandaa kwa ustadi, akitegemea mwalimu alipuke. Mwalimu halipuki. Anamweleza kwamba wao wawili wanafanana, wote wamejaa hasira, tofauti yeye alifundishwa kuifukia yake, na anamshukuru. Gilly anachanganyikiwa kuliko angechapwa. Mi nilikaa na hiyo sehemu siku mbili, nikiwa mwalimu wa watoto, nikiwa pia mtu mweusi ninayesoma kitabu cha mama wa kizungu, na sijapata kosa la kumpa. Ila mzazi ujue, hayo maneno yamo, na Gilly analitaja jina la Mungu hovyohovyo, ndo maana kule Marekani kuna wazazi waliwahi kudai kitolewe kwenye maktaba za shule.

Nawaelewa, ila wanajichanganya. Mwandishi mwenyewe ni mtoto wa wamisionari wa Kipresibiteri, kazaliwa China 1932, na yeye akaenda kufanya umisionari Japani, afu akaolewa na mchungaji. Ana watoto wanne, wawili wa kuzaa, wawili wa kuasili. Na hiki kitabu kilitokana na kukaa na wavulana wawili wa Kambodia kwa muda, akajikuta kila likitokea tatizo anajipa moyo kwamba si wanaondoka tu, akajiogopa. Nilipojua hilo nilifunga kitabu nikaenda kukaa barazani. Maana mi hilo la "si kuna siku mama yake atarudi" nimeshajisemea, tena mara nyingi, tena nikiwa naswaki.

Sasa wizi. Gilly ana picha ya mama yake, mrembo kweli, na maneno ya mapenzi yameandikwa juu yake, na akilini kwake mama anamsubiri California. Anahitaji nauli. Anagundua Mr. Randolph ana hela zimesahaulika nyuma ya vitabu kwenye shelfu, anazikomba, na mkoba wa Trotter anaufuta, anakimbilia stendi ya basi kukata tiketi ya San Francisco. Mkata tiketi anashtuka, polisi wanakuja. Trotter anamfuata huko, yule kijana muoga nae anaburuzwa usiku na ndo anayemwomba Gilly arudi nyumbani.

Hapo lazima nieleze ya kwangu. Mwezi mmoja kabla sijanunua hiki kitabu ilipotea elfu kumi kwenye mkebe wa chumvi ninakoficha hela ya gesi. Nilimkuta binti nayo ndani ya soksi, nikamchapa na kandambili mbele ya mdogo wake, na baba yake aliporudi nikamweleza kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake. Alitaka kununua vocha ampigie mama yake. Hiyo niliambiwa baadae na mdogo mtu, sio na yeye.

Kwaiyo tunasoma, tumefika wamerudi kutoka polisi, Trotter anamtuma Gilly amrudishie mzee hela zake, na deni lililobaki anampangia kazi za nyumbani zenye malipo akatwe mpaka liishe, na mojawapo ya kazi ni kumsaidia William Ernest masomo. Binti akaniuliza, "Anti, afu hakumpiga?"

Nikasema hapana.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akakaa kimya, akavuta shuka, akasema, "Endelea."

Wala sina cha kuongezea hapo. Bado ananiita anti, msitegemee mwishoni mwa hii riviu niwaambie kaanza kuniita mama. Ila vocha saivi naweka mimi, kila Ijumaa, mia tano mia tano za dakika.

Trotter kama mhusika nampa maksi zote ingawa nina lalamiko langu. Huyu ni mama Mkristo ambaye simsikii akimhubiria mtoto. Anaomba, anapika, na Miss Ellis anapotaka kumhamisha Gilly baada ya ule wizi, Trotter anagoma kumtoa, Gilly yupo pembeni anasikia kila kitu. Bila aya za Biblia kumiminwa, bila yale maombi ya kurasa tatu. Wanaotafuta kitabu cha kumpa mtoto mistari ya kukariri watasema Ukristo wake uko wapi, mimi nasema upo kwenye sufuria ya Trotter na kwenye kukataa kwake. Lalamiko langu sasa: utani wa unene umezidi. Mi mwenyewe ni mama wa saizi, sawa najua ni Gilly ndo anayeongea na ni mtoto mkorofi, kumfananisha na kiboko mara ya kwanza unacheka, kufika katikati unasema basi jamani tumeelewa. Na kuna binti mwingine, Agnes Stokes, mpambe wa Gilly shuleni, kaletwa kama kituko na kaachwa hivyohivyo, wakati ukimwangalia vizuri nae ni mtoto aliyetelekezwa. Kwa mwandishi wa kiwango hiki nilitaka amrudie hata ukurasa mmoja.

William Ernest ndo kipenzi cha kijana wangu. Gilly anamkunjia ndege ya karatasi, mwanzoni kwa hila zake tu, afu taratibu anajikuta anamfundisha kujitetea, kurusha ngumi na kupiga kelele ya kutisha watu. Kwenye kitabu kelele yenyewe ni "pow", mi nikaitafsiri "paa!" na sasa nyumba nzima tunapigwa paa, hata mama mkwe kapigwa akiwa sebuleni na chai yake.

Wasiotaka kuharibiwa utamu waruke aya hii. Kabla hajapoa, Gilly alikuwa ameshaandika barua kwa mama yake imejaa uongo, kwamba anateswa hapo alipo. Barua inafanya kazi. Anakuja bibi ambaye hakujua hata kama mjukuu yupo duniani, na anaingia wiki ya ile sikukuu yao ya Novemba ya kula bata mzinga, watu wote wamelala na mafua makali, Gilly ndo anauguza nyumba nzima, Trotter anatoka chumbani anayumba na kumwangukia mtoto. Bibi anaona kichaa kitupu. Na Gilly anachukuliwa kupelekwa Virginia kwa sababu ya barua yake mwenyewe, wakati huo ameshapata alichokuwa anakitafuta maisha yake yote na hataki kwenda. Mama mzazi anakuja Krismasi, siku mbili, kwa nauli iliyolipwa na bibi. Hafanani na picha. Gilly anampigia simu Trotter akilia arudishwe, na Trotter, ambaye na yeye unasikia kabisa moyo umepasuka, hamrudishi. Anamwambia ukweli kuhusu maisha kwa maneno machache, hayana asali hata tone, na anamwambia anampenda.

Nilisoma hiyo simu kwa kukwamakwama. Binti yangu ana picha ya mama yake kwenye skrini ya simu ya baba yake, aliiweka mwenyewe, mama kasimama mbele ya jengo lina vioo, miwani kichwani. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwani mama yake Gilly alikuwa mbaya?" Nikamwambia mi naona alikuwa hajui kuwa mama. Akasema wa kwangu anajua, yupo mbali tu. Nikamwambia ndiyo, wa kwako anajua. Na ni kweli.

Lugha sasa. Kwa mtoto wa Ingilishi midiamu darasa la sita, la saba atasoma mwenyewe kwa kusaidiwa, wa shule ya kawaida msubiri afike sekondari au msomee kama nilivyofanya mimi, natafsiri papo hapo kitandani jioni, kurasa kumi kumi. Kimarekani cha Trotter kinasumbua, mi nilimpa Kiswahili cha mama ntilie na akakaa vizuri tu. Sehemu za Wordsworth niliziruka mbili, nisamehewe. Sio kirefu, ilituchukua kama wiki mbili ukitoa siku ambazo umeme ulikatika. Kuna filamu pia ya 2015, Kathy Bates ndo Trotter, lakini mi nashauri kitabu kwanza, maana filamu haikupi nafasi ya kusimama ukaulizwa "hata kidogo?"

Kwa darasa la sandei skuli lote nimeamua sitakisoma, zile sehemu za ubaguzi zinahitaji mtu mmoja na muda, sio watoto arobaini na nusu saa kabla ya ibada ya pili. Nyumbani ndiyo. Na kwa walio na nyumba kama yangu, mmoja wako mmoja wake, msome wenyewe kwanza, mlango umefungwa.

Wameniomba watatu niwaazime. Nakala yangu ilikuwa ya maktaba ya shule huko Marekani, ukurasa wa kwanza una muhuri mwekundu kwamba kimeondolewa maktabani, hakitakiwi tena. Binti aliniuliza maana yake nikamweleza. Juzi nimefungua nikakuta kachukua peni ya bluu kakata ule muhuri mistari miwili, chini yake kaandika jina lake, la baba na la ukoo. Kwaiyo kwa kuazima muongeeni naye.