Miezi mitano kwa mwalimu wa piano: uzoefu wangu

Nimepiga kinanda kanisani miaka saba. Nilijifunza kwa kuangalia mikono ya wenzangu, kila wimbo nikiupiga kwenye C, yaani do yangu daima ni C, na kwaya ikitaka sauti ipande nabonyeza kitufe cha transpozi, kinachopandisha sauti ya kinanda bila vidole kuhama. Ilitosha, mpaka dada yangu alipotangaza ndoa na kuniomba nipige Ave Maria ya Gounod wakati wa kuweka saini. Mwimbaji tulimpata siku hiyohiyo. Mpigaji nilikuwa mimi, na wimbo wenyewe sikuuweza.

Kwa wasioufahamu: muziki wa piano unaosikika chini ya sauti ya mwimbaji ni Prelude (kipande kifupi cha kutangulia) ya Mjerumani Johann Sebastian Bach katika C, ya mwaka 1722. Mwaka 1853 Mfaransa Charles Gounod akaitungia sauti ya juu yake. Ukiiweza ya Bach, basi kazi ya mpigaji karibu imekwisha. Masikioni ni kama maji yanayotiririka bila kukoma, na ndiyo maana nilidhani inahitaji vidole vyepesi ambavyo mimi sikujaliwa.

Nilianza na programu ya simu ya kulipia, ile ambayo taa za rangi zinashuka na wewe unabonyeza zinapotua. Mwezi mzima nilifuata taa. Nikizima simu, mikononi hakuna kitu. Ndipo rafiki wa kwaya akanielekeza kwa mwalimu mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, anayefundishia nyumbani kwake: shilingi 20,000 kwa saa, mara moja kwa wiki, Jumamosi.

Siku ya kwanza nilijiandaa kumpigia wimbo ninaouweza. Akakataa. "Kaka, wimbo nitausikia siku nyingine. Leo fanya mazoezi kama unavyofanya nyumbani, mimi unisahau kabisa." Akakaa nyuma yangu na daftari. Baada ya dakika ishirini akanionyesha alichoandika: nimeanza ile ya Bach mwanzo mara kumi na moja, na kipimo cha nane (kipimo ni kile kipande kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi ya nota) nimekifikia mara mbili tu, zote mbili nimekosea palepale. Palepale ni pale ambapo mkono wa kushoto unashika ti na do, funguo mbili zinazogusana. "Kipimo cha kwanza hakina shida, nacho umekifanyia mazoezi mara kumi na moja. Hiki kinachokushinda umekipa mara mbili." Nilinyamaza. Miaka saba nimekuwa nikifanya hivyohivyo kwa kila wimbo.

Nilichokilipia kwa huyu mama ni hicho: kufundishwa kufanya mazoezi. Wimbo wenyewe uliingia kama matokeo.

Jambo lililonifungua macho lilikuja wiki ya pili. Alinitaka nihesabu nota za kipimo kimoja. Ni 16. Halafu nihesabu funguo. Ni tano tu: mbili za mkono wa kushoto, tatu za kulia, zinarudiwa. Kwa vipimo 32 vya mwanzo mpangilio ni huohuo. Basi akanikataza kuzipiga mojamoja. Nibonyeze zote tano kwa pamoja, nitulie, nihame. Mimi nasoma solfa, kwa hiyo nilijiandikia hivi: do mi, sol do mi. Kisha do re, la re fa. Kisha ti re, sol re fa. Halafu kurudi nyumbani, do mi, sol do mi. Ghafla ule mto wa nota ukawa safari ya mkono kutoka umbo moja kwenda jingine, na mahali pengine kuhama kwenyewe ni kidole kimoja au viwili tu. Nilipozitawanya tena nota mojamoja, vidole tayari vilikuwa mahali pake.

Vipimo vitatu vya mwisho havifuati mpangilio huo, kwa hiyo tulianzia huko na kurudi nyuma kuelekea mwanzo. Faida yake niliiona baadaye: kadiri nilivyosogea mbele ndivyo nilivyokuwa naingia sehemu ninayoijua zaidi, na woga ukapungua badala ya kuongezeka.

Metronomu ya bure ya simu, ile inayogonga mapigo, tulianza nayo kwenye mapigo 50 kwa dakika. Ukipiga mara tatu mfululizo bila kosa unaongeza 4, ukikosea unashuka. Saa zangu mbili za Jumapili alizifuta. Akanipa dakika ishirini alfajiri na ishirini usiku, na mara nyingi kilichonishinda usiku kilikuwa kimelainika asubuhi. Kiti changu cha plastiki nacho alikikuta na hatia: kilikuwa chini mno, viwiko vikining'inia chini ya funguo. Nilikiinua kwa kukunja blanketi mara nne, na maumivu ya mkono niliyoyazoea yakaisha ndani ya wiki chache.

Yapo yasiyonifurahisha. Aliahirisha vipindi vinne, na mara mbili nilipata habari nikiwa nimeshafika mlangoni kutoka Mbagala. Nauli na asubuhi nzima vimepotea, na hilo lilinikera. Pia hafundishi kupiga kwa sikio wala seben, ule mtindo wa kuchezeka wa Kikongo; anayetaka hayo atafute kwingine. Kinanda changu cha funguo 61 kilitosha kwa wimbo huu, tena nota yake ya chini kabisa ni ule ufunguo wa kwanza kushoto, lakini funguo zake ni nyepesi. Kwenye piano yake halisi, wiki za mwanzo nusu ya nota zangu hazikutoa sauti.

Wiki mbili kabla ya harusi nilifanya mazoezi na mwimbaji, na katikati tukaachana kabisa. Tulirudia mara nne tukilaumiana kimyakimya. Mwalimu alipoziweka karatasi zetu sambamba akacheka: ya Bach ina vipimo 35, lakini Gounod alitumia toleo lenye kipimo cha ziada baada ya cha 22, kinachohusishwa na Schwencke, mwanamuziki wa Kijerumani. Nilikiongeza kwa umbo la funguo tano kama vingine, jioni moja kikakaa.

Siku ya harusi nilianza polepole kuliko tulivyozoea, mwimbaji akanifuata. Nilipofika kile kipimo cha ziada niliisikia pumzi yake kabla ya nota, tukaingia pamoja. Dada aliacha kusaini, kalamu mkononi, akageuka kutuangalia mpaka mwisho.

Jumla nimelipa kama shilingi 400,000, na bado naendelea. Sasa tunafanya nyimbo za misa kwenye E flati, transpozi imezimwa. Ukienda kwa mwalimu wa namna hii, mwombe siku ya kwanza akuangalie ukifanya mazoezi, na mkubaliane mapema kipindi kikiahirishwa inakuwaje.