TAHADHARI: Diski za breki "zisizoshika sumaku" zinazouzwa vijiweni Mtwara na Lindi

Mabodaboda na mafundi wa Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea na Ruangwa, kaeni macho. Kuna wauzaji wa mkononi wanaopita vijiweni na diski za breki ya mbele zinazong'aa kama kioo, bei nusu ya dukani. Msimu wa korosho ukianza, hela zikiwa mkononi, ndipo wanapochangamka zaidi. Mbinu yao ni moja: anatoa sumaku mfukoni, anaigusisha kwenye diski, inadondoka. "Umeona? Stenlesi tupu hii." Mteja anakumbuka sinki la jikoni, anaridhika, analipa.

Mtego uko hapo hapo. Diski nzuri ya stenlesi ya pikipiki INASHIKA sumaku, tena inang'ang'ania kama kwenye nondo.

Stenlesi si chuma kimoja. Ya masinki, ile ya namba 304 au 201, haishiki sumaku, na hata ukiichoma na kuizima kwenye mafuta haiwi ngumu. Ya diski ni jamii ya 410 na 420, yenye kromu karibu asilimia 12 au 13. Kiwandani inachomwa na kupozwa ili iwe ngumu, na kwa diski za pikipiki ugumu wake huwa kama 32 hadi 38 kwa kipimo cha Rockwell C. Mtu akikuuzia ya sinki, amekuuzia stenlesi kweli, ila ya kazi nyingine.

Ubaya wa ya sinki unaonekana ikipata moto. Inatanuka zaidi ya ile ya diski kwa zaidi ya nusu, na inasambaza moto taratibu. Ukishuka mteremko wa Newala na abiria wawili huku umebana breki, ukingo unaosuguliwa na pedi unawaka wakati katikati, penye bolti, bado pana ubaridi. Ukingo unataka kutanuka, katikati panaukatalia, diski inapinda. Dalili ya kwanza ni mkono wa breki kupigapiga kwenye vidole. Ukizidi kubana, moto unafika kwenye kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Mafuta ya breki ya DOT 3, hata yakiwa mapya, yanahitajika tu kuhimili nyuzi 205 za Selsiasi, na yakishaingia unyevu yanachemka chini ya hapo. Yakichemka, mkono unazama hadi kwenye mpini na pikipiki haisimami.

Sasa kuna kundi la pili, na hawa sumaku yao inanasa vizuri tu. Wanauza bati nene la chuma laini lililopakwa kromu. Kwa hiyo sumaku inakusaidia kukataa, haikusaidii kukubali. Ikidondoka, rudisha mzigo. Ikinasa, endelea kupima. Na uiguse kwenye ukingo wa kusuguliwa, kwa sababu diski nyingine zina kitovu cha aluminiamu ambacho hakishiki hata kama ukingo ni mzuri.

Kipimo cha chuma laini ni tupa. Chukua tupa ndogo yenye meno laini, piga viboko vitano kwenye ukingo wa ndani karibu na tundu la bolti. Usiguse kabisa sehemu ya pedi. Kromu ni ngumu, hivyo kiboko cha kwanza kinaweza kuteleza na kukudanganya, endelea. Chini yake chuma laini kitakuja kwa chengachenga kama unakata msumari wa nchi sita. Diski nzuri inakatika kwa shida, unga wake ni mwembamba, na rangi ndani ni ile ile ya nje. Usitegemee tupa iteleze kama juu ya beringi. Diski haijafanywa ngumu kiasi hicho. Ukiwa na diski kuukuu iliyotoka na pikipiki kiwandani, piga zote mbili kwa tupa moja, mkono utakwambia.

Kipimo cha usiku mmoja ni chumvi, na huku kwetu hainunuliwi mbali. Kijiko kimoja kwenye nusu glasi ya maji, lowesha kitambaa, funika pale ulipopiga tupa, weka na msumari uliosuguliwa pembeni kama shahidi. Asubuhi chuma laini kitakuwa na kutu ya rangi ya chungwa sawa na msumari. Ya jamii ya 410 huwa na vidoa vichache, au hakuna. Kuna mafundi wanaopenda kudondoshea maji ya mrututu (ile chumvi ya shaba ya buluu) waone kama patageuka pekundu. Acheni hicho: hata 410 nzuri inaweza kugeuka, kwa kuwa kromu yake si nyingi, na mtakuwa mnatupa diski salama.

Cheche za grenda zinafaa kwa mwenye jicho tu. Nondo hutoa ndefu za njano zenye matawi mengi, stenlesi hutoa fupi zaidi zinazoelekea chungwa. Linganisha papo hapo, usikisie kwa kumbukumbu.

Unene upimwe kwa vernia, ile rula ya taya ya kupimia milimita, sehemu sita. Nyingi za pikipiki zetu ni karibu milimita 4 zikiwa mpya, na huwa na mhuri MIN TH wenye namba ya kikomo, yaani unene ambao diski haitakiwi kushuka chini yake. "Mpya" isiyo na mhuri, au yenye alama za kuchongwa na mashine, inaweza kuwa kuukuu iliyong'arishwa. Ukishaifunga, zungusha tairi huku umeshikiza ncha ya waya karibu na ukingo: diski ikiyumba zaidi ya milimita 0.3, ivue.

Aliyekwisha kuifunga asiendelee kubeba abiria. Vua diski na pedi zake, maana magamba ya kromu yakibandika kwenye pedi yatachimba hata diski mpya utakayoweka. Hiyo mpya ioshwe kwa sabuni na maji kwanza, hutoka na mafuta ya kuzuia kutu. Ile feki usiitupe: iweke na risiti ya EFD kama ulipewa, ukaripoti Shirika la Viwango, TBS, Kanda ya Kusini pale Mtwara au Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wenye kushughulikia bidhaa bandia. Kama hukupewa risiti, andika tarehe, mahali na namba iliyopokea pesa kwenye simu kabla ujumbe haujafutika.