pfSense (programu ya faiawoli, mlinzi wa mtandao anayezuia au kuruhusu data) kama ruta tupu, ya kupitisha data tu, kati ya ofisi na ghala: nyota mbili. Labda tatu.

Kama unataka ruta tu, usianze na faiawoli. Tulichohitaji huku Mtwara ni kidogo mno: ofisi iko kwenye mtandao wa anwani 192.168.10.0/24, ghala la korosho 192.168.20.0/24, na karani wa ofisini asome uzito kwenye kompyuta ya mizani. Basi.

Lakini pfSense imezaliwa kukataa. WAN, yaani upande wake wa nje, ambayo hapa inatazama ofisi, haipokei chochote mpaka uandike kanuni, na kuna tiki ya kuzuia anwani za ndani ambayo lazima uitoe, maana ofisi nzima ni anwani za ndani. Kanuni mpya nayo inakuja imewekwa TCP peke yake (itifaki ya mazungumzo kama kufungua folda), hivyo ping (jaribio la kuuliza kama kompyuta ya pili inajibu) haipiti hadi uchague Any, yaani itifaki zote. Halafu NAT, ile kubadilisha anwani njiani: ghala zima linaonekana ofisini kama 192.168.10.2, anwani ya pfSense yenyewe.

Njia ya mkato ni System, Advanced, Firewall & NAT, kisha tiki "Disable all packet filtering". Uchujaji na NAT vinazimika pamoja. Usitegemee amri ya kuzima faiawoli, pfctl -d. Ukigusa mipangilio tu, faiawoli inajiwasha tena. Na badilisha nywila ya admin kabla, kwa sababu baada ya hapo ukurasa wa usimamizi unafunguka pande zote.

Ruta kuu ya ofisi, 192.168.10.1, tukaielekeza ipeleke 192.168.20.0/24 kwa 192.168.10.2. Ping kutoka ofisini ikajibu vizuri kabisa. Kufungua folda ya mizani? Kiduara kinazunguka weee, mwisho kinakata, na malori yako foleni. Fundi wa waliotuuzia kisanduku cha pfSense, kwa dharau zake: "Ping si inajibu? Basi kompyuta zenu ndio mbovu." Akakata simu. Mtu anauza vifaa vya mtandao na hajui kwamba ping haithibitishi TCP!

Kilichotokea ni hiki. Pakiti (kipande cha data) ya kwanza ya karani inapita ruta kuu, inafika ghalani. Jibu linarudi kupitia pfSense moja kwa moja hadi kompyuta ya karani, kwa kuwa pfSense na karani wako mtandao mmoja; ruta kuu haikuliona. Pakiti ya tatu, ya karani kukamilisha salamu za TCP, ikija, ruta inaona mazungumzo yasiyo na jibu, inaitupa. Ping haina hatua hiyo ya tatu, ndiyo maana inapita.

Kwa hiyo, kusema haki, hapo pfSense haikuwa na kosa. Naongeza nyota. Dawa ni kuiondoa kwenye mtandao wa ofisi: iunganishe na mlango wa peke yake wa ruta kuu, mtandao mdogo wa 10.0.0.0/30, ruta ikiwa .1 na pfSense .2, pasiwe na kompyuta hata moja katikati. Njia ya ghala ielekezwe 10.0.0.2, na geti la pfSense, yaani njia yake ya kutokea, liwe 10.0.0.1.

Ila kwa kazi hii peke yake, bado ningechukua swichi inayoweza kuruti. Fundi yule hapati hata nusu nyota.