Taa ya sola ya "wati 300": inafaa mwaloni?

Taa hii ya kipande kimoja, paneli juu na betri ndani, inauzwa sana madukani Mwanza kwa ajili ya mialo (sehemu za kushushia samaki ziwani) na vichochoro. Boksi linasema wati 300. Betri yake ni ya volti 3.2, ampea-saa (Ah) 20, yaani wati-saa 64. Ingekula wati 300 kweli, ingezimika ndani ya dakika 13. Usiku wetu ni wa saa 12, kwa hiyo ikae hadi alfajiri, wastani wake ni kama wati 5 tu.

Swali la taa kudumu saa ngapi ni la tangu mwanzo wa taa za umeme mitaani. Mwaka 1878, Avenue de l'Opéra jijini Paris iliangazwa kwa mishumaa ya umeme ya Pavel Yablochkov: vijiti viwili vya kaboni vimesimama sambamba, katikati kizuizi cha plasta, na cheche nyeupe ikivila kutoka juu kushuka. Walitumia mkondo geu, yaani umeme unaogeuza mwelekeo kila mara, ili vijiti viishe sawasawa. Mwanga ulikuwa mkali ajabu, ila mshumaa ulidumu takriban saa moja na nusu, na ukizimika hauwaki tena. Ikabidi kila globu ibebe mishumaa kadhaa. Tena zilifungwa kwa mfululizo, moja ikikatika inaweza kuzima na wenzake. Godalming, Uingereza, waliweka taa za umeme 1881. 1884 wakarudi kwenye gesi, gharama zimewashinda.

Hapo sola inashinda wazi: kila nguzo inajitegemea. Kwa njia ya kupita, nguzo ya mita 5 na nafasi ya mita 15, inatosha kabisa. Kwa meza za kuchambulia dagaa haitoshi. Huko chukua yenye paneli iliyotengana na taa na betri ya volti 12.

Adui mkubwa ni vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda kama moshi. Vikifia juu ya paneli na kukauka, chaji inashuka na kihisi (sensa) cha taa kinapofuka. Futa kwa kitambaa chenye maji kila wiki. Boliti zinazokuja nayo huliwa na kutu haraka, weka za stenlesi, na tundu la waya lizibwe kwa silikoni.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue mgongo, uhesabu seli. Seli moja ya saizi ya 32650, ile ya mviringo kama betri nene ya tochi, hubeba Ah 5 hadi 6. Ah 20 ni seli nne. Ukikuta mbili, umeuziwa nusu ya usiku.