Sabuni ya mawese kwa usafi wa nyumba nzima: uzoefu wangu hapa Kigoma

Kwa mwenye haraka nianze na jibu. Kama unaishi Kigoma, sakafu yako ni ya saruji, unapikia mawese, na watoto wanaingia ndani na vumbi lote la mtaani miguuni, sabuni ya mche ya mawese inatosha karibu kila kazi ya usafi wa nyumba. Kwa vigae na vioo, hapana. Na usichukue mche wowote kwa sababu tu umeambiwa ni wa mawese: mche uliokaa ukakauka na mche uliotolewa kwenye boksi juzi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sisi tunakaa Gungu. Nyumba ina vyumba vitatu na sebule, jiko dogo la ndani, na jiko la mkaa uani. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zirudi, vumbi jekundu linapita hata kwenye dirisha lililofungwa, ukifuta meza asubuhi, jioni unaandika jina lako juu yake. Mvua zikianza, vumbi hilohilo linakuwa tope. Ongeza hapo mafuta ya mawese yanayoruka kutoka kwenye kikaango, na dagaa, maana nyumba gani ya Kigoma haina dagaa? Sabuni ya maji ya kupimiwa kwenye chupa niliitumia kwa muda mrefu. Ilikuwa inanukia vizuri, lakini ukuta wa jikoni ulibaki na rangi ya chungwa na sakafu ilikuwa inanata. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Ujiji, ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, wewe unasafisha harufu. Nunua sabuni ya mawese, usugue." Nikanunua, na sasa ndiyo sabuni ya nyumba.

Inavyotengenezwa ni muhimu kuijua, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha mche mzuri. Mawese huchanganywa na kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji. Kilo moja ya mawese huhitaji takribani gramu 140 za kostiki soda ili mafuta yote yageuke sabuni. Kostiki ikizidi, inabaki ndani ya mche na kuunguza ngozi. Ikipungua, mafuta yanabaki mafuta, na mche unateleza mkononi na kuacha ute kwenye kitambaa. Mchanganyiko humiminwa kwenye maboksi ya mbao, huachwa ugande, kisha hukatwa miche. Baada ya kukatwa, kazi inayobaki ni ya hewa na muda: wiki nne na zaidi kivulini, ili maji yapungue na mche ukomae. Wiki hizo ndizo wauzaji wengi wanazozikwepa, kwa sababu mche mbichi ni mzito na fedha inahitajika leo. Wengine huongeza mafuta ya mise, yaani yale ya kokwa la mchikichi, ili povu liwe jingi. Mawese matupu hutoa povu dogo, zito, linalokaa. Kwa kufulia nguo mise inasaidia. Kwa sakafu sioni haja yake, maana povu jingi ni kazi ya kusuuza.

Sasa sokoni. Mimi hununua Mwanga, au nikipita Mwandiga kwa shughuli nyingine naangalia huko. Usichague kwa rangi. Rangi ya chungwa inatokana na mawese yenyewe na haisemi lolote kuhusu ukomavu. Bonyeza kona ya mche kwa ukucha. Ukucha ukizama kirahisi na kuacha alama yenye unyevunyevu, mche huo bado mbichi. Ulioiva ukucha unakwaruza tu. Kisha ugonge na mwenzake: mikavu hutoa mlio mkavu, mibichi hutoa mlio mzito, mfupi. Angalia pia kama una unga mweupe mwingi juu na unamomonyoka kwenye ncha, hapo kostiki inaweza kuwa imezidi. Ukipita kiganja juu ukatoka na mafuta, kostiki ilipungua. Muuzaji ninayemwamini hachukii nikifanya hivyo. Siku moja nilimkuta na mzigo mpya, nikamsalimia, nikaanza kubonyeza kama kawaida yangu. Akanirudisha mkono polepole: "Hiyo acha mama, hiyo ni ya mwezi ujao. Njoo nikupe ya huku chini." Akafunua gunia, akatoa miche iliyosinyaa kidogo pembeni, mepesi, migumu. Mtu wa namna hiyo ukimpata usimwache.

Wapo wa namna nyingine. Kuna mche tulinunua kwa mpitaji mtaani, ukaonekana mzuri tu kwa nje. Dada anayenisaidia kazi alifulia mapazia, na kufikia jioni ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu na zinachubuka. Uliuma moyo wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyelipia uzembe wa mtu ambaye hakupima kostiki. Tangu hapo mche mgeni haugusi kazi ya mkono mpaka niujaribu. Nalowesha kidole, nasugua sabuni kidogo upande wa ndani wa mkono, nasubiri. Ukichoma, nasuuza kwa maji mengi na mche hautumiki. Mafundi wenyewe hugusisha ulimi, lakini hilo nawaachia wao.

Nyumbani siisugui moja kwa moja sakafuni. Nachukua kipande kinachojaa kiganja, nakikwaruza kwenye kikwaruzio cha zamani cha karoti (ambacho hakirudi tena jikoni), namwagia maji ya moto lita tatu hivi, nafunika, nalala. Asubuhi inakuwa nzito kama uji wa mgonjwa. Haimiminiki vizuri kama sabuni ya maji ya dukani, na haitamiminika, kwa sababu sabuni ya kostiki soda ni ya kugandisha kwa asili yake. Unachota kwa kikombe. Kikombe kimoja kinatosha ndoo ya deki.

Jikoni ndiko iliponishinda maneno. Ukuta ulio nyuma ya jiko letu la gesi ni wa rangi ya mafuta, krimu, na kwa miaka ulikuwa na matone ya mawese yaliyokauka yakawa kama ngozi ya pili, mengine yamekamata vumbi na moshi mpaka yakawa kahawia. Nilipaka ule uji wa sabuni bila kuongeza maji, kwa dodoki, kuanzia chini kwenda juu ili michirizi isiache alama kwenye sehemu kavu. Nikauacha ukae kidogo, usikauke. Niliporudi na dodoki lenye maji ya uvuguvugu, tone la kwanza lilijikunja pembeni na kubanduka lote. Chini yake ukuta ulikuwa krimu, ile rangi tuliyopaka wenyewe tulipohamia. Sikuhitaji kisu wala stilwaya, ambayo ingekwangua rangi. Ilibaki alama hafifu ya njano, na hiyo si ya kusugua: rangi ya mawese huvunjwa na jua. Ukutani inafifia kwa muda kama dirisha linaingiza mwanga. Kwenye kitambaa cha meza au aproni, fua, anika juani ikiwa bado na unyevu, na utaona njano inaondoka yenyewe.

Sufuria zenye masizi zinahitaji sabuni hiyohiyo na majivu laini kidogo. Hapo sina la zaidi, kila mwanamke wa huku anajua.

Sakafu ya saruji inaipenda sabuni hii. Lakini deki inaanza kabla ya ndoo. Sisi viatu na ndala vinabaki varandani, vitu vya watoto vinaingia kwenye tenga lao, viti vinapanda juu ya meza, na mikeka inatolewa nje kukung'utwa. Sakafu ikiwa wazi, kazi ya saa nzima inakuwa nusu. Nafagia kwa ufagio laini kutoka vyumbani kuja mlangoni, taratibu, maana vumbi letu ukilipiga kwa nguvu linapanda juu na kushuka ukishamaliza. Ndipo ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia dekio. Wanaotumia ndoo moja wanahamisha tope kutoka sebuleni kwenda chumbani. Maji ya kusuuzia yakigeuka mekundu, yanamwagwa nje kwenye miti, yanabadilishwa.

Kuna jambo la maji ambalo watu wengi hawaliweki kwenye hesabu. Maji ya bomba hapa mjini yanatoka Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa letu yana chumvichumvi nyingi, hasa za magnesiamu. Sabuni halisi ya mafuta ikikutana na madini hayo, sehemu yake haitoi povu, inageuka utando mweupe unaoshika kwenye beseni, kwenye ndoo na kwenye vigae. Ndiyo maana mtu anasema "sabuni hii inaacha ukungu", akadhani mche ni mbaya. Jaribu mche huohuo kwa maji ya mvua: povu linakuja haraka, unatumia sabuni kidogo, na kitambaa hakiwi kigumu. Msimu wa mvua naweka mapipa chini ya bati, nasubiri mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, kisha nakinga. Maji hayo nayatunzia kusuuzia tu. Kiangazi, naongeza sabuni kidogo na kusuuza mara mbili. Sina njia nyingine ya kukwambia.

Kwa sababu hiyohiyo siipendekezi kwa vigae. Dada yangu ana vigae sebuleni kwake, alijaribu, vikawa na ukungu na utelezi, na nyumba yenye mzee haitaki utelezi. Ukungu ulitoka kwa kufuta na kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, kisha maji matupu. Angalia mambo mawili hapo. Siki au limau usiitie ndani ya ndoo ya sabuni, kwa sababu tindikali inavunja sabuni na kuirudisha kuwa mafuta, utabaki unapaka mafuta sakafuni. Na usiitumie kwenye saruji, inaila. Kama nyumba nzima ni vigae, nunua sabuni ya maji ya kawaida, utapumzika. Vioo vya madirisha navyo navifuta kwa maji ya mvua na gazeti.

Harufu ya dagaa, jibu langu ni nusu. Ndoo na makopo ya plastiki yaliyotunzia dagaa yanapoteza mafuta yote ya samaki kwa sabuni hii, na mafuta ndiyo yanayoshika harufu. Lakini kinachobaki kinahitaji limau. Osha, suuza kabisa, kisha pangusa kwa limau na uanike juani mdomo wazi. Kabati la mbao tulilowekea dagaa kutoka Kibirizi tulilipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, tukaliacha milango wazi mpaka likakauka. Mbao ya mninga haikudhurika, ila usiiloweshe.

Chooni inafaa kwa sakafu na kuta, ila haiui vijidudu kama dawa ya klorini. Natanguliza sabuni, nasuuza, ndipo dawa inafuata peke yake. Faida ambayo sikuitarajia ni mende: maji mazito ya sabuni ukiyanyunyiza juu ya mende yanamzibia matundu ya kupumulia ubavuni, anakufa pale pale, na hakuna sumu inayobaki karibu na vyombo vya watoto.

Bei: mara ya mwisho nilinunua mche kwa shilingi 2,000, na kwa nyumba yetu miche miwili inavuka mwezi pamoja na kufulia madekio na mapazia. Sabuni ya maji niliyokuwa natumia ilikuwa inaisha kabla ya hapo na nilikuwa naongeza. Zaidi ya hapo, fedha inabaki kwa kina mama wanaokamua mawese hapahapa mkoani. Tangu Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipokuja mwaka 2018 kufufua kilimo cha michikichi, tumesikia habari nyingi za miche bora ya kupanda kutoka kituo cha utafiti cha TARI Kihinga. Natamani juhudi kama hizo zifike kwa watengeneza sabuni: mizani ya kupimia kostiki, glavu, na banda la kukaushia. Mafuta tunayo. Kinachokosekana ni vipimo, na hicho ndicho kinachomchubua dada wa watu vidole.

Ninunuapo, nanunua mingi kwa pamoja na kuikausha zaidi mwenyewe, maana mche unavyokaa ndivyo unavyotumika taratibu. Naikata vipande kwa waya mwembamba ikiwa bado inakatika, naipanga kwa kuachana ili hewa ipite, kwenye tenga. Tenga lenyewe natundika juu kwa waya, mbali na ukuta, kwa sababu panya wa Gungu wanakula sabuni ya mawese kuliko wanavyokula mahindi, na mche ulioguguniwa usiku mmoja umebaki nusu.